Kitovu cha Ndoo

Igeuze ndoo yoyote ya plastiki, iwe ya kuogea au ya kuhifadhia unga, uitazame chini. Katikati kabisa utaona kidoti kinachokwaruza, kama kitovu cha mtoto kilichopona vibaya. Hapo ndipo plastiki ya moto ilipoingilia. Sasa pitisha kucha juu, kwenye ukingo wa mdomo. Ndoo ikiwa nzuri kucha inateleza. Ikiwa ya ovyo utakuta uzi mwembamba unaochoma kidole. Sisi tuliuita ndevu. Nina tabia hii ya kugeuza ndoo za watu kwa miaka mingi sasa, dukani, msibani, hata ugenini ninapoonyeshwa bafu, na sijapata namna ya kuiacha. Niliambukizwa kiwandani, nikiwa mwanagenzi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ambayo nusu ya wazee wa pale kazini waliendelea kuiita Pugu Road kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbele palikuwa na ukumbi wa mashine: joto, kelele, marundo ya ndoo nyekundu na za buluu, vijana wakikimbizana na zamu. Wageni wakija walipelekwa huko. Nyuma, ukishapita stoo na vyoo, kulikuwa na mlango wa bati uliofungwa kwa kamba, na ndani yake karakana ya kalibu. Huko hakupelekwa mgeni. Palinuka oili na maji ya sabuni ya lethi, na palikuwa kimya kiasi cha mtu kuisikia tupa ya mwenzake upande wa pili.

Ndoo haifinyangwi wala haikatwi. Kalibu ni vipande viwili vizito vya chuma, jike lenye tumbo na dume linaloingia tumboni. Vikifungwa, kati yao hubaki nafasi nyembamba yenye umbo la ndoo. Mashine huvibana kwa nguvu ya mamia ya tani, hushindilia plastiki yenye joto la nyuzi mia mbili na ushei kupitia pale kwenye kitovu, husubiri ipoe, hufungua, na ndoo hudondoka. Baada ya nusu dakika hivi, nyingine. Watu huisifu mashine, na ni haki yake, maana inapiga kelele. Lakini ndoo inafanana na kalibu, haifanani na mashine, na kalibu ilikuwa kwetu.

Nilifika pale na mwaka mmoja wa chuo, ovaroli yenye jina la mtu mwingine kifuani, na imani kwamba kazi ninaijua. Ngazi za karakana zilikuwa hivi: Mzee, ambaye ndiye fundi mkuu, mafundi wawili, saidia fundi mmoja aliyekuwa na miaka tisa pale, chini yake mimi, na chini yangu paka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umewahi kushika tupa?"

"Nimewahi."

"Haya. Tutaona."

Akanipa kipande cha chuma laini kilichokatwa kwa msumeno, upande huu kimepanda, upande ule kimeshuka, akaniambia nimrudishie kikiwa mchemraba wa milimita 50. Nyuso sita, kila uso umenyooka na umekaa wima kwa jirani zake, hitilafu isizidi pointi sifuri tano. Yaani 0.05 ya milimita, unene wa unywele mwembamba. Mashine ambayo ingeifanya kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne ilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Nikaitazama. Mzee naye akanitazama nikiitazama, kisha akarudi kwenye shughuli zake.

Tupa ni chombo ambacho kila mtu anadhani anakijua. Meno yake yameelekea mbele, kwa hiyo hukata ikisukumwa. Ukiikandamiza wakati wa kurudi unayaua meno bure. Kabla hata ya kusukuma, kimo cha jiliwa lazima kikufae, na kipimo chake hakihitaji futi: weka kiwiko juu ya jiliwa, ngumi iguse kidevu. Yangu ilinifika puani. Mzee akanitafutia kichaga cha mbao cha kusimamia, na kwa wiki nzima saidia fundi aliniita mheshimiwa, kwa kuwa nilikuwa nahutubia kutoka jukwaani.

Halafu kuna mikono. Tupa inapoanza safari, mkono wa kushoto ulio kwenye ncha ndio unaobeba. Ikifika katikati mikono inagawana. Ikimalizia, wa kulia unabeba na wa kushoto unaachia. Yote hayo yatokee ndani ya sekunde moja, mara maelfu kwa siku, na yatokee yenyewe, kwa sababu ukianza kuyafikiria umeshachelewa. Yasipotokea tupa inayumba kama mtumbwi, inakula kingo za chuma na kuacha katikati kitumbo. Mimi nilisukuma kwa nguvu zote za ujana. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimetengeneza yai.

Kilichonishangaza ni kwamba Mzee hakuhitaji kuja kuliona. Alikuwa kwenye meza yake, amenipa mgongo, miwani imeshuka puani, na bila kuinua kichwa alisema tu, "Unabembea." Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akisikia. Msukumo ulionyooka una sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepasua kitambaa. Wa kubembea huanza kwa sauti nyembamba, hufifia katikati, humalizia kwa mlio mkali. Kuna na sauti ya tatu, ya mkwaruzo, inayosema chenga ya chuma imenasa kwenye meno na sasa inachora mfereji kwenye uso uliouhangaikia tangu asubuhi. Hapo unasimama, unapiga brashi ya waya, unaipaka tupa chaki ili chenga zisipate pa kung'ang'ania, unaendelea. Leo nikipita karibu na karakana yoyote, Gerezani au kwingineko, masikio hunitangulia ndani.

Kipande cha nne ndicho kilichopita, nikiwa katika wiki ya sita. Mzee alikiegemeza kwenye guni, akakiinua usawa wa dirisha, akatafuta mwanga kati ya vyuma viwili. Mwanga ni mmbea. Hupenya ufa ambao kidole hakiwezi kuusikia. Akakigeuza uso wa pili, wa tatu, mpaka sita. Kisha akafungua droo ya chini ya meza yake na kukitumbukiza humo. Droo ilikuwa imejaa michemraba: ya wanagenzi wote waliotangulia, mingine imeshika kutu, mingine imechongwa herufi za majina. Mmoja ulikuwa nje, unazuia mlango.

Swali la kwa nini tupa wakati mashine ipo nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza, ila jibu nililipata nilipopelekwa kwenye kalibu yenyewe. Jike na dume vinakutana kwenye mdomo wa ndoo, kwenye mzingo mzima wa karibu mita moja, na lazima vikutane kila mahali kwa wakati mmoja. Pakibaki mwanya, plastiki inautafuta na kutoka, na hizo ndizo ndevu. Lakini pakizibwa kabisa hewa iliyo ndani inakosa pa kukimbilia, inabanwa, inapata moto, na ndoo inatoka na alama ya kuungua. Kwa hiyo fundi anaacha makusudi matundu ya kupumulia, mifereji yenye kina cha 0.02 au 0.03 ya milimita. Hewa inapita. Plastiki ni nzito, haipiti. Kati ya kupumua na kuvuja hakuna nafasi kubwa, na mwenye mkono wa kubembea hawezi kuifikia.

Vipande hivyo vikilinganishwa, hutumika rangi ya buluu nzito, ya mafuta, isiyokauka. Unapaka dume utando mwembamba sana kwa kidole. Ukipaka mwingi unajidanganya, kwa sababu rangi itajaza mabonde na kukwambia kila kitu kimegusana. Unalishusha kwa cheni bloku, taratibu, linakaa juu ya jike, unaliinua. Pale palipogusa pameachwa doa la buluu. Hayo ndiyo maeneo yaliyo juu. Unayapunguza kwa jiwe au kwa kukwangua, unafuta, unapaka, unashusha tena. Mwanzo unapata madoa matatu kwenye mzingo mzima, kama visiwa. Baada ya siku ya kwanza yamekuwa kumi. Siku ya nne yamesambaa kama upele, na Mzee anakuja, anainama, anasema, "Bado upande wa Kariakoo." Tulitaja pande za kalibu kwa mitaa; sijui nani alianzisha.

Siku moja, katikati ya kazi hiyo, nilimuuliza kuhusu meza ya kupimia. Ilikuwa ya chuma cha kusubu, nzito, imefunikwa kwa blanketi kama mgonjwa, na tulipotaka kujua kama kitu kimenyooka tulikilinganisha nayo. Nikauliza: meza yenyewe ilinyooshwa kwa kulinganishwa na nini? Mzee alicheka, mara ya kwanza kumsikia. Akakunja viganja vyake viwili, kimoja kama bakuli, kingine kama mgongo wa kobe, akavifunika. "Vimekubaliana?" Vilikubaliana vizuri sana. "Vimenyooka?"

Dawa ni kuleta bamba la tatu. Chukua mabamba matatu na uyalinganishe mawili mawili. La kwanza na la pili yakikubaliana, huenda moja ni kilima na jingine ni bonde. La tatu nalo ukililinganisha na kile kilima litageuka bonde. Sasa yakutanishe mabonde mawili: yatagusana kingo tu, katikati patupu, na uongo wote umefichuka. Unakwangua, unabadilishana, unakwangua tena, mpaka kila bamba likubaliane na kila mwenzake. Nyuso tatu haziwezi kufikia hapo isipokuwa zote zimenyooka. Yaani unaanza na vyuma vitatu vilivyopinda, bila rula ya kuigiza, na unamaliza ukiwa na unyoofu ambao haukuwepo chumbani. Mwingereza Joseph Whitworth ndiye aliyeueleza utaratibu huu hadharani mwaka 1840, baada ya kupitia karakana ya Henry Maudslay jijini London. Mzee alimjua Whitworth kwa njia nyingine: mashine kuukuu za Kiingereza zina hesi zake, zenye pembe ya nyuzi 55 wakati za milimita ni 60, na kijana akilazimisha nati ya aina moja kwenye boliti ya aina nyingine anaharibu vyote viwili. Alidhani Whitworth ni jina la aina ya spana.

Kosa langu kubwa halikutokea kwenye kalibu. Lilitokea kwenye lethi, na nalisimulia kwa sababu lilinifunza zaidi ya ile michemraba minne. Nilipewa shafti ya krasha, mashine inayosaga ndoo zilizoharibika ili plastiki yake irudi kazini. Beringi ilikuwa 6212. Fundi akiona namba hiyo huchukua tarakimu mbili za mwisho, huzidisha kwa tano na kupata 60, tundu la beringi kwa milimita. Beringi ile ilitakiwa iing'ang'anie shafti, kwa hiyo shafti izidi 60 kidogo: isipungue 60.002, isipite 60.021. Nilikereza jioni ya mwezi wa pili, joto la Dar limetulalia, wenzangu wameshaanza kunawa. Maji ya sabuni yalikuwa yamekwisha kwenye tangi na sikutaka kwenda kuchanganya mengine. Maikromita ikasoma 60.012. Katikati kabisa! Nikaipaka oili shafti yangu, nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Asubuhi Mzee akaipima. 59.985. Beringi ambayo ilipaswa kuchemshwa kwenye oili ndipo iingie, iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba, ikazunguka kama bangili ya kuazima. Mimi nikaapa kwamba kuna mtu ameibadilisha.

"Jana uliitoaje kwenye mashine?" akauliza.

"Niliishika kwa tambara, Mzee. Ilikuwa ya moto."

Akanyamaza, akaniacha nisikie nilichokisema.

Chuma hutanuka. Kipande cha milimita 60 kikipata joto nyuzi 10 zaidi kinaongezeka karibu 0.007 ya milimita. Shafti yangu ilikuwa na moto wa nyuzi 40 hivi zaidi ya hewa ya karakana, na usiku ilipopoa ilirudi ilikotoka. Ndiyo maana mafundi wa dunia, tangu mwaka 1931, walikubaliana kwamba kipimo cha kitu ni kile kinachosomwa kwenye nyuzi 20. Sisi nyuzi 20 tulizisikia redioni tu, zikitajwa kwa Lushoto. Tulichoweza ni kuhakikisha kwamba kipimo na kinachopimwa vimelala chumba kimoja, na kutopima kitu kilichotoka kukerezwa hata kama meneja amesimama mlangoni. Meneja alisimama kweli asubuhi ile. Mzee akamwambia shafti ya krasha itachelewa siku moja, basi, bila kutaja ya nani. Ikajazwa kwa kuchomelewa, nikaikereza upya, na maji ya sabuni safari hii niliyachanganya mapema, mengi kupita kiasi.

Baada ya hapo nilianza kuielewa ile tabia ya Mzee ya kuviona vyuma kama vitu visivyotulia. Plastiki nayo haitulii. Ile ya ndoo ikipoa husinyaa, kwa moja na nusu kwa mia hivi. Ndoo yenye mdomo wa milimita 300 inazaliwa kwenye kalibu inayozidi hapo kwa milimita nne na nusu. Ina maana fundi wa kalibu hachongi ndoo; anachonga kitu kikubwa kuliko ndoo, akijua kitakachokuja kuwa. Na ndoo inaposinyaa inalikumbatia dume kwa nguvu, haitaki kutoka. Ndiyo maana ndoo zote zimepanuka juu na kubana chini, na ndiyo maana kuna kitundu cha hewa inayoisukuma kutoka ndani. Ule mlio wa pumzi unaousikia kalibu inapofunguka ni ndoo inaagana na dume.

Dume likiwa na mikwaruzo, haviagani. Kazi ya kulisugua ndiyo niliyopewa miezi ya mwisho, na sijawahi kufanya kitu kwa polepole namna ile. Unaanza na msasa wa maji namba 220, unakwenda 400, 600, 1000. Kila ukipanda namba unageuza mwelekeo, unasugua kukatisha mistari iliyotangulia, na huruhusiwi kupanda tena mpaka mistari ya zamani imetoweka yote. Kishawishi ni kuruka. Namba 1000 inang'arisha haraka, na chuma kinameta, na chini ya kumeta huko mikwaruzo ya 220 imelala inasubiri. Mzee alikuwa akilipulizia dume pumzi yake, kama mtu anayesafisha miwani, na mvuke ulipokuwa unakauka mistari iliyojificha ilijitokeza kwa sekunde mbili, ikapotea. "Rudi mia nne," alisema. Mkwaruzo mmoja wa kalibu unachapwa kwenye kila ndoo, na ndoo ni malaki. Misuguo ya mwisho kabisa inafuata njia ya ndoo kutoka, toka mdomoni kwenda kitakoni, ili hata alama zisizoonekana zielekee inakoelekea.

Siku hizi kuna mashine zinazoongozwa na kompyuta ambazo huchonga kalibu nzima usiku kucha, na sina ugomvi nazo. Zingeniokolea kucha mbili. Hata hivyo kumalizia uso na kulinganisha jike na dume kwa buluu bado huangukia mkononi mwa mtu. Ujerumani, ambako mashine hizo zimejaa, mwanagenzi wa kutengeneza kalibu husoma miaka mitatu na nusu, na miezi ya mwanzo bado hupewa kipande cha chuma na tupa. Nilipomweleza Mzee habari hiyo aliuliza kama nao huwawekea kichaga cha kusimamia. Posho yetu, niseme hili tu, ilikuwa haifiki mwisho wa mwezi, na kuna miezi ilikuwa yenyewe haifiki kabisa. Chakula cha mama ntilie tulikula kwa daftari.

Kalibu tuliyoihangaikia ilifungwa kwenye mashine siku ya Jumatano. Ndoo tatu za mwanzo hazikujaa, kama kawaida, zilitoka na midomo iliyoliwa. Ya nne ilitoka nzima, ya buluu, bado ina joto. Kijana wa mashine alitaka kuirusha kwenye rundo, Mzee akamzuia kwa mkono. Akaishika kama anavyoshikwa mtoto wa mtu mwingine. Akaigeuza akatazama kitovu. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo, polepole, akaanzia upande wa Kariakoo, akazunguka mpaka akarudi alipoanzia.

Kisha akatoka nayo nje bila kusema kitu, akaenda kwenye bomba la kunawia, akaijaza maji, akanawa mikono. Haikurudishwa kwenye hesabu ya siku ile. Nilipomaliza uanagenzi ilikuwa bado pale chini ya bomba, imechujuka kwa jua, kuna mtu ameitoboa kwenye ukingo akapitisha waya, na kila aliyetoka karakana na mikono ya buluu alinawia humo.